Asage Mtu wa Nyumbani

Mgeni akifika nyumbani kwa marehemu Paul kule Mbita, ipo kazi moja ambayo mjane wake, Edinah, hakuifanya kwa miaka mingi. Angepika, angepakua, angeongoza wimbo wa shukrani kwa ile sauti yake ambayo Waadventista waliijua hadi ng'ambo ya Rusinga. Lakini birika na beseni la kunawisha mikono alimwachia mtu mwingine. Mwenye kunawisha huinama mbele ya mgeni, uso kwa uso, birika mkono huu, beseni mkono ule. Hana mkono wa tatu wa kuziba mdomo.

Na Edinah alikuwa na sababu ya kuuziba. Jino lake moja la mbele, la juu, lilikuwa limekatika nusu na kubaki jeusi kama mbegu ya papai. Huku ziwani watu husoma meno. Mkongwe asiye na meno sita ya chini hakuna anayemuuliza. Hayo yaling'olewa zamani kwa mila, na ni heshima yake. Lakini mwanamke aliyevunjika jino la mbele la juu, watu humtazama yeye, kisha humtazama mumewe, kisha hunyamaza. Na kunyamaza huko ndiko kusema kwenyewe.

Paul hakuwahi kumpiga. Hilo na lisemwe mapema, maana kinyume chake kimesemwa vya kutosha. Jino lilivunjwa na mizani. Edinah alikuwa ufuoni akinunua mbuta wa kuuza sokoni, samaki mzito akateleza kutoka kwenye kulabu, na ile kulabu ya chuma iliyopunguziwa mzigo ghafla ikaruka na kumpiga mdomoni. Paul, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda mashua na alikuwa hapo karibu akipiga msumari, alimbeba mgongoni mbio hadi kituo cha afya, shati lake jeupe likalowa damu. Kwa bahati mbaya wiki ile ile majirani walikuwa wamewasikia wakigombana juu ya ng'ombe mmoja, auzwe au asiuzwe. Walioliona shati na hawakuiona mizani walijumlisha wenyewe. Paul akaugua, akafa, akazikwa na hesabu hiyo haijasahihishwa. Mjane naye angesema nini? Angekana, wangesema ni mke mwema, anamsitiri mumewe hadi kaburini.

Hata mama yake Paul, Bathsheba, Edinah hakujua anaamini nini. Mkongwe huyo alikuwa na kauli kali kwa kila jambo, la kuku na la serikali, lakini kuhusu jino lile hakuwahi kuuliza wala kusema. Edinah aliishi naye boma moja, akimpikia, akimwitikia, na swali hilo limekaa katikati yao kama jiwe la mafiga.

Mambo yangebaki hivyo, lakini binti yao, Achieng, akapata mchumba. Aliitwa Byron, kijana wa Awendo, watu wake Waadventista waliohamia huko zamani wakalima miwa. Familia inayooa huuliza kwanza. Si ubaya; hata sisi huuliza. Majibu ya uchunguzi huo aliyaleta Linet, mfanyabiashara wa Awendo aliyekuja Mbita kununua omena, dagaa wa ziwani, na ambaye husali kanisa moja na Mzee Bogonko, baba yake Byron.

"Mama Achieng, wazee wetu wanauliza tu," Linet alisema huku akichambua omena kwa vidole. "Wanasema binti hufuata njia ya mama. Mama akiwa alizoea ngumi, binti naye atadhani ndiyo ndoa."

"Nani alizoea ngumi?"

"Mimi nimesema? Nimesema wanauliza." Akamwaga omena guniani. "Mzee Bogonko atakuja mwenyewe. Yule mzee huwa haongei sana. Huangalia."

Kuangalia. Edinah alikwenda nyumbani na neno hilo. Mzee huyo angeketi mbele yake, angeangalia, na angeona alama ya kofi ambalo halikupigwa. Achieng angekosa nyumba kwa ajili yake, na Paul angehukumiwa mara ya pili bila kuitwa.

Kana kwamba jino lenyewe limesikia, shina lake likaanza kuvimba. Hospitalini Homa Bay alishauriwa ling'olewe, kisha avae meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Edinah alimkumbuka dada mmoja wa kwaya ambaye meno yake ya namna hiyo yaliruka katikati ya neno "Amina" yakatua kwenye mapaja ya shemasi. Tangu siku ile jina lake la ubatizo lilisahauliwa, aliitwa Amina. Edinah akasema la. Ndipo alipoelekezwa kwa Daktari Nyamoita, mwanamke kijana mwenye kliniki ya meno mjini Migori.

Daktari alimpiga picha ya taya, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mfupa ulioshika jino hili umekonda kama ganda la yai," alisema. "Nikiling'oa nikuache hivyo, shimo litaporomoka na mdomo utabonyea. Hata nikitaka kukupandikizia jino baadaye, halitapata pa kusimama. Lazima tujaze."

"Mnajaza nini?"

"Kuna unga wa mfupa unaotoka ng'ambo. Mwingine ni wa ng'ombe, mwingine wa nguruwe."

Kichwa cha Edinah kilirudi nyuma chenyewe. Daktari akacheka.

"Usijali, hata mimi ni wa Sabato, nguruwe simgusi. Iko njia nyingine. Gego lako la mwisho, hili la chini, limelala vibaya na lazima litoke. Badala ya kulitupa, tunalikwangua, tunalisaga liwe chenga kama za mahindi, tunaziosha kwa dawa, halafu tunajaza shimo la mbele. Ni kitu chako, mwili wako unakijua. Pole pole mfupa mpya unaota katikati ya zile chenga. Baada ya miezi kadhaa ndipo tunapandikiza. Kwa sasa utatoka na jino la muda, limegandishwa kwa jirani zake. Hilo haliruki."

Edinah alikubali pale pale. Lakini aliporudi Mbita, alimweleza mama mkwe nusu ya habari. Alisema meno mawili yatang'olewa na moja litawekwa. Neno "kusaga" alilimeza.

Alikuwa na sababu. Bathsheba ni katika wanawake wa mwisho mwisho wa ufuo ule waliong'olewa meno sita ya chini wakiwa wasichana. Aliolewa, akabatizwa, akawa mama wa kanisa, lakini mambo mengine hayakuwahi kuzama majini pamoja naye. Nyumbani kwake, hata baada ya mashine ya posho kuletwa sokoni, unga wa mtama wa kupokea wakwe ulisagwa kwa jiwe, na jiwe lile halikushikwa na mkono wa mgeni. Edinah alipoolewa, alisimama pembeni miezi mingi akitazama, mpaka siku Bathsheba alipomsogezea jiwe na kusema, "Haya, Nyar Kisegi, sasa wewe ni wa nyumbani." Binti wa Kisegi: ndivyo alivyomwita tangu siku ile, kwa jina la alikozaliwa, kama wake wote wa kwetu wanavyoitwa. Kwa mtu kama huyo, kusaga sehemu ya mwili wa mtu kulikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa uchawi, si tiba. Boma likisemwa linasaga watu, hata kuku wake hawanunuliwi.

"Nitakusindikiza," Bathsheba alisema. "Mjane haendi kumwaga damu peke yake."

Edinah angekataaje?

Siku ile alivaa blauzi nyeupe ya kwaya. Kliniki ilikuwa ghorofani, karibu na steji ya magari, na malori ya miwa yakipita chini madirisha yalitikisika. Bathsheba alipewa kiti cha plastiki pembeni mwa chumba. Daktari Nyamoita, asiyejua lolote la unga na jiwe la Mbita, akadunga sindano ya ganzi, akasubiri, akashika koleo. Gego lilitoka kwa taabu. Akaliinua kwenye mwanga, zima, mizizi na yote, kisha akamgeukia mkongwe kwa furaha ya kazi iliyokwenda vizuri.

"Tazama, mama, lilivyo zuri. Hili sasa tunalisaga, tunamrudishia mdomoni."

Edinah, aliyelazwa chali, hakuweza kumwona mama mkwe. Alisikia kiti cha plastiki kikilia kidogo.

"Mnafanya nini?"

"Tunalisaga. Kuna mashine chumba cha pili. Dakika chache tu."

Daktari akaliacha gego kwenye kibakuli cha chuma, akang'oa na lile jino jeusi, akasafisha mashimo, akamtia Edinah mdomoni vipande viwili vya shashi.

"Ng'ata. Usiongee. Usifungue mdomo kabisa mpaka nirudi, nakwenda kuandaa mashine."

Aliporudi, kibakuli kilikuwa kitupu. Kiti cha plastiki pia.

"Jino liko wapi?" daktari alimuuliza muuguzi. Muuguzi akatazama chini ya meza. Edinah hakutazama chini ya meza. Alijua kama mtu anavyojua nani amebisha hodi kwa jinsi ya kubisha. Steji ya magari ya Homa Bay ilikuwa pale chini tu. Likipanda gari, gego litazikwa Mbita kabla jua halijatua, mahali ambapo hataonyeshwa, na lile shimo la mbele litaporomoka kama daktari alivyosema. Mzee Bogonko atakuja, ataketi, ataangalia.

Akajing'oa kitini.

"Mama, wapi? Mama, una vidonda!" muuguzi aliita.

Alikuwa tayari kwenye ngazi.

Jua la Migori lilimpiga usoni. Aliona mgongo wa Bathsheba ng'ambo ya barabara, wima kama mti wa bendera, leso imefungwa kifuani, na mkono mmoja umeshika fundo la leso pale anapofunga vitu vyake vya maana. Edinah akataka kuita. Mdomo wenye ganzi ulikuwa mzito, si wake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe, na shashi ikasogea. Damu ikashuka kidevuni, ikafika kwenye blauzi nyeupe. Lori la miwa likapita, likamzuia. Lilipokwisha kupita, watu walikuwa wameanza kugeuka.

"Mathe, nani amekufanyia hivi?" mwendesha boda boda aliuliza akishuka kwenye pikipiki.

Edinah alitikisa kichwa, akapita.

"Anamkimbiza yule bibi mzee," mwuza ndizi alisema. "Huyo ni mama mkwe. Siwajui lakini najua mwendo wa mama mkwe."

"Basi ni bwana amemchapa, na mama yake anatoroka kesi."

"Bwana gani? Siku hizi hata mashemeji wanapiga."

Wakacheka, si sana. Mtu mmoja akatoa simu. Edinah akajiziba mdomo kwa mkono, ule mkono uliozoea, na damu ikapita katikati ya vidole. Alifahamu jinsi anavyoonekana. Kile alichokuja kukifuta alikuwa sasa amekivaa kifuani, mchana, mjini, mbele za watu.

Na hapo, kutoka kwenye duka la magunia, akatokea Linet.

Alisimama na bunda la magunia mapya kichwani. Akamtazama Edinah, akamtazama Bathsheba aliyekwisha kufika mlangoni mwa gari, akarudi tena kwa Edinah.

"Mama Achieng," alisema taratibu. "Si Paul alikufa? Sasa ni nani tena?" Akalisawazisha bunda kichwani. "Kumbe haikuwa Paul peke yake. Kumbe ni nyumba nzima."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini Bathsheba, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya gari, aliurudisha chini.

Alikuja polepole. Watu wakampisha. Edinah aliona kidole gumba kikisugua lile fundo, kikisugua, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alimwona mkongwe huyu hana neno tayari. Kulikuwa na njia mbili na zote zilikuwa na miiba. Akinyamaza, nyumba ya mwanawe itaitwa ya wapiga wanawake. Akisema, itaitwa ya wasaga watu.

"Wewe binti," alimwambia Linet. "Unaitwa nani?"

"Linet, mama. Wa Awendo."

"Linet. Hakuna aliyempiga huyu. Ametoka kwa daktari wa meno, pale juu. Jino lake ni hili." Akafungua fundo. Gego lilikuwa ndani ya kitambaa safi, na watu wakainama kulitazama kama wanaotazama kifaranga.

"Na mbona unalo wewe?" Linet aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Mwendesha boda boda naye alilisubiri jibu, mikono kiunoni.

"Nililichukua," Bathsheba alisema, "kwa kuwa walitaka kulisaga."

Neno likatembea kwenye kundi. Kusaga. Mwuza ndizi akarudi nyuma hatua moja, akavuta na ndizi zake. Edinah alifumba macho. Alidhani amesikia mlango wa boma la kina Byron ukifungwa, na Achieng yuko nje.

"Kusaga jino la mtu?" Linet alisema. "Wafanye nini?"

"Wamrudishie mdomoni, ashike mfupa. Ni dawa, anasema yule daktari. Mimi siijui." Bathsheba akafunga tena fundo, kwa nguvu. "Lakini kama ni kusaga, katika nyumba yangu asage mtu wa nyumbani. Haya, Nyar Kisegi, twende kabla hujafa hapa. Na wewe, Linet wa Awendo, weka magunia yako kwa mwenye duka uje. Unapenda kuona. Njoo uone."

Daktari Nyamoita alikuwa amesimama juu ya ngazi, rangi imemtoka. Hakupaza sauti. Alimkalisha Edinah, akambadilisha shashi, akamfuta kidevu, na ndipo alipomgeukia mkongwe.

"Mama, ungeweza kumletea ugonjwa."

"Liko safi. Halijagusa chini."

"Nitalikwangua lote na kulitia dawa, ndipo nijue. Likinitia shaka, silitumii. Sitaki mjadala."

"Fanya. Lakini mashine nitaishika mimi."

"Mashine haishikwi na mtu mwingine."

"Basi hakuna atakayesaga."

Wakatazamana. Edinah, mdomo umejaa shashi, aliwatazama wote wawili na kuona kwamba hatima yake iko mikononi mwa wanawake wawili wasiojua kurudi nyuma. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa mama mkwe, akautikisa. Kuomba, kukaripia, hata yeye hakujua. Bathsheba hakuuondoa.

"Nilikuwa msichana," mkongwe alisema, si kwa daktari hasa. "Walinilaza chini, wakanitoa sita. Sikulia, kulia kulikuwa aibu. Nilipoinuka nikauliza meno yangu yako wapi, yule mng'oaji akasema hayo si ya kuulizwa. Mpaka leo sijui yalikokwenda. Nimezeeka hivi, nikiumwa kichwa huwa nafikiri, labda kuna mtu anayo." Akapumua. "La huyu halitapotea hivyo."

Daktari alivua glovu zake, akatoa jozi mbili mpya.

"Nitalisafisha mimi," alisema hatimaye. "Nitalitia mimi kwenye kikombe na kukifunga. Ukinawa na kuvaa glovu, utabonyeza tu. Hapa, palipo na kijani. Mbele yangu."

"Kubonyeza kunatosha."

Walipokuwa wakingoja dawa ifanye kazi, Linet, aliyeegemea mlango bila magunia yake, hakuweza kujizuia.

"Na lile jeusi la mbele? Hilo nalo lilivunjwa na nani?"

Edinah alikakamaa kitini. Ndilo swali ambalo hakuwahi kuulizwa waziwazi, na siku lilipoulizwa hakuwa na mdomo. Alitazama dari. Alingoja kusikia ule ukimya wa miaka yote.

"Kulabu ya mizani," Bathsheba alisema.

"Uliona?"

"Sikuona. Lakini shati la mwanangu nililifua mimi." Sauti yake haikubadilika, angeweza kuwa anaeleza jinsi ya kuanika omena. "Damu ilikuwa mgongoni. Kwenye bega la nyuma na mgongoni, hadi kiunoni. Mbele hapakuwa na tone, ila vumbi la mbao. Mwanamume anayempiga mke usoni hapati damu mgongoni, binti. Anayembeba ndiye anayepata."

Linet akaacha kuegemea mlango. Hata muuguzi alikuwa ameacha kupanga vyombo.

Machozi yalishuka pembeni mwa macho ya Edinah yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Kumbe mkongwe alijua. Miaka yote ile alijua, na hakusema, kwa kuwa hakuona haja ya kuitetea nyumba yake mbele ya watu wasioiuliza usoni. Edinah alitaka kumkasirikia. Aling'ata shashi.

Mashine haikuwa kubwa kuliko birika. Bathsheba, mikono imemezwa na glovu, alisimama mbele yake kama alivyosimama mbele ya jiwe, mguu mmoja nyuma. Akabonyeza. Kelele ilikuwa kavu, ya kokoto ndani ya debe, na ikaisha kabla Linet hajamaliza kusema "Yesu." Daktari akafungua kikombe. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe, kijiko kimoja cha chai pengine.

"Hazijalainika," Bathsheba alisema. "Nirudie?"

"La, ndivyo zinavyotakiwa. Zikiwa laini mno mwili huzila kabla mfupa haujaota."

Mkongwe akafikiri juu ya hilo, akakubali kwa kichwa. Chenga zikaoshwa, zikachanganywa na damu ya Edinah mwenyewe zikashikana, na daktari akazishindilia kidogo kidogo katika shimo la mbele, akalifunika, akashona. Bathsheba aliomba kikombe. Akakiinamisha kwenye mwanga, akapitisha macho kila pembe, akahakikisha hakikubaki kitu. Kisha akavua glovu.

Linet alisafiri kurudi Awendo na magunia yake na habari. Edinah hakujua ni ipi ingefika kwanza, ile ya shati au ile ya kusaga, na wiki zilizofuata alilala vibaya. Sokoni baadhi ya wanawake walimsalimu kwa mbali. Mwanamke mmoja alimuuliza kama ni kweli unga wa nyumbani kwao siku hizi una mifupa. Edinah alimpimia samaki wake, akamtakia siku njema.

Mzee Bogonko alikuja Mbita siku ya Jumapili, yeye, mkewe, wazee wawili, na Linet akiwa miongoni mwa akina mama. Achieng alikuwa chumba cha ndani, hatakiwi kuonekana mpaka aitwe. Wageni waliketi. Walizungumza mvua, walizungumza bei ya miwa, wakaishiwa mazungumzo. Mzee Bogonko hakuwa amesema mengi. Alikuwa akiangalia: picha ya Paul ukutani, paa, mikono ya watu.

"Mama," hatimaye alimwambia Bathsheba, kwa heshima, "mtu haulizi ila anapotaka kukaa. Nimesikia kwamba katika nyumba hii mlisaga jino la mtu."

Edinah, kwenye mlango wa jikoni, alihisi ulimi wake ukienda wenyewe kwenye lile jino la muda.

"Mlisaga?" Bathsheba alisema. "Mlisaga nani? Nilisaga mimi. Mkono huu. Jino la mke wa mwanangu, kwa dawa, mbele ya daktari, na likarudi lilikotoka. Linet alikuwepo, mwulize kama lilipotea hata chembe."

Macho yote yakamwendea Linet. Alirekebisha kitambaa cha kichwa.

"Halikupotea," alisema. Kisha, kama aliyeona amechelewa, akaongeza, "Na lile la shati nilikwambia, mzee. Damu ilikuwa mgongoni."

"Uliniambia."

"Basi kama una swali lingine kuhusu jiwe la nyumba hii," Bathsheba alisema, "mwenye jiwe ni mimi. Unga utakaokula sasa hivi umesagwa na huyo aliyesimama mlangoni. Nyar Kisegi, wageni wana njaa. Nawisha watu."

Achieng alikuwa ndani, hangeweza kuitwa. Edinah akachukua birika mkono huu, beseni mkono ule, akaenda akainama mbele ya Mzee Bogonko. Mzee akanyoosha mikono yake mipana ya shamba. Aliangalia. Aliangalia sana, kama alivyosemwa, na Edinah akamwachia aangalie. Maji yalikuwa yanamwagika na mikono yake haikuwa na nafasi.

"Karibu, baba," alisema.

"Ahsante, mama," mzee akasema, akasugua viganja. "Mwiteni huyo binti naye. Tumekuja kumwona yeye."